Kikohozi Ndani ya Mahindi

*Kwa mama yetu, Rosaline Nabwile Khisa, 1953 – Julai 2024*

Ni mwaka mmoja sasa, Mama, na mahindi yamefika tena kimo cha kumficha mtu. Mwaka jana siku kama ya leo ulikuwa umeketi kwenye kigoda mlangoni pa jikoni, sinia ya maharagwe mapajani, unatoa mawe. Ulimwambia Mzee Jotham aongeze sauti ya redio. Akaongeza, na aliporudi kukuuliza kama inatosha, hukumjibu. Moyo ulisimama, basi. Maharagwe yalikuwa yamebaki kiganja kimoja, na mzee aliyamaliza mwenyewe kabla hajaita mtu, kwa sababu anasema hukupenda kazi ya kuachwa nusu.

Tunaanza na hilo ili wale wa Bungoma na wale wa Kitale walioanza kunong'ona ati kile kikohozi chako cha zamani kilirudi, wanyamaze. Hakikurudi. Kilipona kabisa, na baada ya kupona ulikula Krismasi saba ukiwa mzima, ukinenepa, ukiimba sauti ya kwanza kanisani kwa nguvu hata wa sauti ya pili wakapotea.

Nasimiyu, binti yako wa kwanza, ndiye ameshika kalamu. Sisi wengine, wadogo zake, tumemzunguka mezani tunamsahihisha. Mzee Jotham ametuagiza tuandike kwa heshima, tusitaje mambo ya mate wala mkojo. Pole, Mzee. Ukitoa mate na mkojo hapa, hakuna kitakachobaki.

Kwanza tukusifu, maana ulipenda kusifiwa, usikatae. Shamba letu hapa nje ya Kitale ulilikuta msitu wa magugu wewe na Mzee mlipohama kutoka Bungoma, na ukalifanya shamba ambalo watu husimama barabarani kuliangalia. Chai yako ilikuwa na sukari ya kutosha wagonjwa watatu. Hakuna mgeni aliyeondoka hapa mikono mitupu. Asiyepewa sukumawiki alipewa boga, na aliyekataa boga alifuatwa nalo hadi barabarani. Na kuku wako, Mama! Uliwapa majina ya watu waliokuudhi. Kuku aliyeitwa jina la dada yako wa Webuye alichinjwa mara tatu, kila akiliwa mmoja jina linarithiwa na mwingine.

Lakini sifa yako kubwa ilikuwa heshima. Kwetu sisi, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawapeani mikono, hawaketi pamoja, hawali meza moja. Siku hizi watu wamelegeza, wanasalimiana kwa mbali, wengine hata kwa simu. Wewe hukulegeza hata uzi mmoja. Tangu Wangila alipomwoa Nasimiyu, kila alipokuja hapa alisimama langoni akakohoa kidogo, ehem, kama mtu anayesafisha koo. Hiyo ndiyo ilikuwa hodi yake. Halafu alihesabu moyoni hadi ishirini kabla ya kuingia, ili wewe upate nafasi ya kutoroka. Mahindi yakiwa marefu uliingia ndani ya mahindi. Mahindi yakiwa yamevunwa uliingia migombani. Ukakaa huko hata muda wa saa mbili, wakati mwingine ukapalilia kabisa, ukatoka mkwe ameshaenda.

Basi serikali, ambayo haijui mambo ya mkwe, ikamleta Wangila kuwa mtu wa maabara katika zahanati ya hapa kwetu. Yeye na Nasimiyu wakapanga nyumba Kibomet, na kila asubuhi anakuja na pikipiki kupima damu na makohozi ya kijiji chote. Watu wakafurahi. Wewe ulisema tu, "Ni vizuri," na tangu siku hiyo hukukanyaga zahanati. Hatukuliona hilo. Mtu mzima asipoenda zahanati, watu humsifu kwamba ana afya.

Novemba ya mwaka elfu mbili na kumi na tano, tukipukuchua mahindi, ukaanza kukohoa. Nani hakohoi wakati wa kupukuchua? Mashine ikiwashwa boma zima hugeuka jeupe, hata mbwa hupiga chafya. Ukasema ni vumbi, nasi tukasema ni vumbi. Januari mahindi yakaisha na kikohozi hakikuisha, ukasema ni upepo wa kiangazi. Machi trekta likaja, ukasema ni vumbi tena, ila hili ni la udongo. Aprili ikanyesha, ukasema ni baridi. Juni mahindi yakachanua, ukasema ni yale maua yanaingia kifuani. Kikohozi chako kilikuwa na kalenda, Mama, na sisi wakulima tuliielewa kalenda hiyo vizuri sana, ndiyo maana tulidanganyika.

Ulikunywa asali na limau. Ulikunywa tangawizi. Ulitafuna mizizi ya mukombero, ile inayosifiwa kwa nguvu za kitandani, hadi Mzee akauliza kama ni yeye analengwa. Chupa za dawa ya kikohozi kutoka dukani zilipanga foleni dirishani. Akina mama wa kanisa walikuombea, nawe ukawaficha makohozi kwenye kitambaa usije ukanyimwa zamu yako ya kupakua chai, kwa kuwa ulijua watu wakisikia neno TB hunong'ona na neno lingine baya zaidi, halafu hakuna anayepokea kikombe mkononi mwako. Leso ikaanza kukuzunguka kiuno mara mbili. Tukasema Mama anafanya kazi nyingi.

Hebu tumgeukie Wangila, maana hii kumbukumbu ni yako lakini mzigo ulikuwa wake.

Kazini kwake ukutani palikuwa na karatasi kubwa: ukikohoa wiki mbili, njoo upimwe. Kwenye baraza ya chifu yeye ndiye alisimama akasema, "Jameni, mficha maradhi kifo humuumbua. Wiki mbili tu, msingoje ya tatu." Watu wakampigia makofi. Na huyo huyo, Krismasi ile, alisimama langoni kwetu akafanya ehem yake, akahesabu hadi ishirini, na migomba ikamjibu kwa kikohozi. Hakikuwa cha kusafisha koo. Kilitoka chini kabisa, kikavuta, kikaisha kwa kuchoka. Alijua. Sikio la mtu wa kazi hiyo halidanganyiki.

Angefanya nini? Amwambie nani? Mkwe haongei habari za mwili wa mama mkwe wake. Hata kumsikiliza akikohoa ni kukosa adabu. Alijaribu mara moja, Februari, wakila chakula huko Kibomet.

"Mama yako anakohoa," akasema.

"Ni vumbi," Nasimiyu akamjibu.

"Si vumbi, Nasimiyu. Mimi nimesikia."

"Umesikia? Wewe unasikiliza kifua ya mama yangu? Wangila, huna haya?"

Akamaliza ugali wake. Nasimiyu anaomba msamaha hapa hapa mbele ya watu wote wanaosoma. Anasema laiti angeweza kuurudia mlo ule, angeweka kijiko chini na kuuliza, "Umesikia nini?"

Mei ile Nasimiyu alijifungua Kim, na ili apumzike, Joan mwenye miaka minne akaletwa kukaa na wewe. Alilala kitandani kwako, mgongo wake kwenye kifua chako, kama wajukuu wote wanavyolala na kukhu, bibi yao. Usiku huo wa kwanza Wangila hakulala. Kuanzia hapo alikuwa na watu wawili wa kuwaokoa, mmoja hawezi kuongea naye na mwingine ni mtoto wake wa kuzaa.

Nawe, Mama, ulikuwa unajua zaidi ya tulivyofikiri. Juni ulisema unaenda Bungoma kumsaidia dada yako wa Webuye kupalilia. Kumbe ulienda naye hospitali huko. Nesi alikuwa mwema sana. "Mama, tutapima," akakwambia. "Ikiwa ni TB, dawa ni miezi sita na ni ya bure. Na hautahangaika na safari, utachukulia karibu na nyumbani."

"Karibu wapi?"

Akauliza kwenu ni wapi, akafungua kitabu. "Hapo mna zahanati nzuri. Kuna kijana wa maabara anaitwa Wangila, huyo anajua kazi yake."

Ulisema asante sana, ukaomba kuonyeshwa choo, na kutoka chooni ukanyoosha hadi stendi ya magari ya Kitale. Dada yako alikungoja kwenye benchi mpaka saa kumi. Ndiyo maana yule kuku akachinjwa mara ya tatu, kwa sababu dada alikugombeza.

Aliyejua kila kitu alikuwa jirani yako Mkikuyu aitwaye Wangu, mke wa Hiram, muuza viazi. Nyinyi wawili mlikuwa mkisemana kila siku, yeye akidai Wabukusu mnakula sana, wewe ukidai Wakikuyu hawajui kupika isipokuwa kuponda. Ukamweleza wewe mwenyewe, mkiwa mnatoa maganda ya viazi.

"Ati nikohoe, niteme kwa kikopo, halafu mkwe wangu afungue ayaangalie mate yangu na ile mashine yake? Wangu, heri nikufe na heshima yangu."

"Ngai! Na hiyo heshima utazikwa nayo, ama utatuachia tugawane?"

Hapo ndipo mkapanga ule mpango wenu, wanawake wawili wenye akili timamu, mmoja shemasi kanisani na mwingine mweka hazina wa chama. Wangu akaenda kwa Phanice, mhudumu wa afya wa kijiji, akakohoa kikohozi cha uongo mbele yake hadi akajikohoza kweli. Phanice akampa kikopo. Wangu akakuletea, asubuhi ukakijaza, ukakifunga, na ukakizungushia kitambaa ili kisionekane njiani. Wangu akakipeleka zahanati kwa jina lake, akakipitisha dirishani, akauza na viazi debe moja hapo hapo kwa watu wa foleni.

Wangila alipokipokea aliona kitambaa kabla ya kuona jina. Kilikuwa kipande cha leso ya zambarau. Aliijua, kwa kuwa aliinunua yeye mwenyewe mjini Kitale siku ya kukuletea zawadi za mama mkwe, na aliichagua kwa ajili ya maneno yake: Heshima si utumwa. Ilipochakaa uliikata vipande vya kufungia mbegu na chumvi, kama ulivyofanya na kila kitu. Kipande alichoshika kilikuwa na maneno mawili tu ya mwisho, si utumwa.

Akapima. Akaviona vile vijidudu vyekundu, vingi, vimelala kama njiti za kiberiti zilizomwagika. Akaandika kwenye kitabu: Wangu, miaka hamsini na minane, ana TB. Na nje ya dirisha lake Wangu mwenyewe alikuwa bado anapigania bei ya viazi kwa mapafu ya ng'ombe.

Jumapili Wangila alikuja hapa. Tunaikumbuka siku hiyo kwa sababu hakukaa. Alisimama langoni, ehem, akahesabu, na mahindi yakakohoa. Yalikohoa muda mrefu. Halafu Joan akatoka kati ya mistari ya mahindi akikimbia, miguu matope.

"Baba! Kukhu anasema nikwambie hayuko."

"Hayuko?"

"Eeh. Yuko pale lakini hayuko."

Wangila akapiga magoti, akampangusa mtoto matope, akamshika kichwa muda mrefu kuliko kawaida. Angeweza kumbeba akaondoka naye. Lakini kumwondoa Joan bila neno kungekuwa kukutangaza mgonjwa mbele ya kijiji, na wewe ungezama ndani ya mahindi usitoke tena. Akapanda pikipiki akarudi Kibomet, na anasema njia nzima hakuona barabara.

Jumatatu Phanice akabisha kwa Wangu na habari. Hiram, maskini, ambaye hakuambiwa chochote na mtu yeyote, akafungua madirisha yote ya nyumba, akatoa godoro nje, akatangaza kwamba kuanzia leo atalala store. Wangu akamwangalia akijiuliza ni mwanaume gani huyu aliyemwoa miaka thelathini iliyopita. Phanice akaketi, akafungua daftari.

"Mama, nina swali moja. Ni mtoto gani mdogo hulala na mgonjwa?"

"Hakuna. Watoto yangu ni wakubwa."

"Fikiria vizuri. Ni mtoto gani mdogo hulala na mgonjwa? Kwa maana mtoto wa miaka minne, hata mitano, hii ugonjwa humshika haraka, na inaweza kumuua kabla hujajua ni nini."

Wangu akasimama. Alivaa viatu. Alipokupata ulikuwa unafua nguo za Joan, na hakukusalimia.

"Rosaline, kikohozi chako nilibeba. Jina langu nimekupatia, bwana yangu amehamia store kwa ajili yako. Lakini dawa sitakunywea. Na yule mtoto silali naye mimi. Unalala naye wewe."

Akakueleza alichoulizwa. Anasema uliendelea kufua. Ulilisuuza lile gauni dogo la Joan, ukalikamua, ukalianika, ukalipanga vizuri kwenye kamba. Kisha ukasema, "Kesho," na usiku huo ukamlaza Joan na Mzee Jotham, mara ya kwanza, ukamwambia mzee kitanda chako kina kunguni. Kwako wewe! Kunguni! Mzee anasema hapo ndipo alipojua kuna jambo kubwa, maana ungekubali kuitwa mchawi kabla ya kuitwa mchafu.

Kesho yake ulijifunga leso nzuri, ukamshika Joan mkono, ukashika kikopo kingine kwa mkono wa pili bila kukizungushia chochote, na ukatembea katikati ya barabara. Watu wa foleni walikupisha, si kwa ugonjwa, bali kwa jinsi uso wako ulivyokuwa. Ukaingia maabara. Wangila alipoinua kichwa na kukuona, adabu ikamtoa kwenye kiti. Alikuwa ameshafika mlango wa nyuma.

"Wangila," ukasema. "Rudi ukae."

Yalikuwa maneno yako ya kwanza kwake katika miaka sita.

"Ile ya Wangu ilikuwa yangu. Hii pia ni yangu. Na huyu mtoto amelala na mimi miezi mbili. Mpime."

Ukanyoosha mkono. Wangila akakipokea kikopo kwa mikono miwili, kama mtu anavyopokea kitu kwa mkubwa wake, macho chini. "Asante, Mama," akasema. Wengine hupewa na mama wakwe zao mbuzi, wengine shamba. Kitu cha kwanza ulichompa mkwe wako mkononi kilikuwa makohozi yako, na hadi leo anasema hajawahi kupewa zawadi kubwa kuliko hiyo.

Joan hakuwa na ugonjwa. Tunaandika sentensi hiyo peke yake, Mama, kwa sababu siku ile uliposikia uliketi chini sakafuni palepale, ukalia kwa sauti, na foleni nzima ikadhani umefiwa. Akapewa dawa ya kinga, akainywa akilalamika kwamba haina sukari kama chai yako.

Tukafikiri sasa mila imekwisha. Wapi! Mzee Jotham alichinja kuku mmoja kutuliza mambo, tukala, na kesho yake ukarudia heshima yako kama kawaida. Ulipoenda kuchukua dawa, Wangila alikuwekea vidonge dirishani, akageuka akatazama ukuta. Wewe ukameza, ukasema hewani, "Nimemeza." Wangu, shahidi wa pande zote mbili, akasema, "Kweli amemeza." Ndipo Wangila akaandika. Na mkojo wako ulipogeuka rangi ya machungwa kwa sababu ya zile dawa, ukashikwa na hofu ukidhani ni damu, nani wa kumuuliza mkwe swali kama hilo? Wangu tena. Akasimama dirishani, foleni yote inasikiliza, akauliza kwa sauti ya kuuza viazi: "Daktari, mkojo ya mtu fulani imekuwa kama Fanta! Si ni kawaida?" Wangila akauambia ukuta kwamba ni kawaida kabisa. Mzee, tumeshasema pole.

Miezi sita ikaisha. Nyama ikarudi, leso ikarudi kuzunguka mara moja. Na hapo ndipo ukawa hatari kwa wilaya nzima. Ulikuwa na swali moja, na hukumwogopa mtu: "Unakohoa tangu lini?" Ulimuuliza makanga. Ulimuuliza mchungaji, tena katikati ya mahubiri. Ulimuuliza mgombea mmoja wa kiti aliyekuja kuomba kura hapa, akajibu ni kampeni, ukamwambia, "Hapana, mimi nilisema ni vumbi." Na kama jibu lilipita wiki mbili, ulivaa viatu. "Basi mimi na wewe tunaenda," na mkaenda, wewe mbele. Kiplimo, anayevusha vitunguu mpakani kule Suam, alikuambia hana nafasi, akikosa siku moja tu mpakani wenzake wanachukua wateja wake. Ulimfuata hadi Suam, ukauza vitunguu vyake asubuhi nzima ili yeye aende kupimwa. Uliviuza bei ya hasara, anasema, lakini yuko hai kulalamika.

Siku ya mazishi yako watu walisema mengi mazuri. Kisha Wangila akaomba nafasi. Hatukujua atasema nini, hakuwahi kusema chochote kukuhusu. Alisimama mbali na jeneza, palepale ambapo mkwe husimama.

"Mimi nilijua," akasema. "Nilijua tangu Krismasi. Niliambia kila mtu wiki mbili, na mama mkwe wangu nikamngojea miezi saba. Ile leso niliijua. Phanice nilimtuma mimi, kwa nyumba isiyo yenyewe, nikamwambia aulize hilo swali mara mbili, kwa maana kwa Wangu najua litafika. Sikuwa na mdomo wa kukwambia mwenyewe, Mama. Unisamehe." Akalia, mwanaume mzima, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Mzee Jotham ndiye aliyeinuka. Akamwendea, akamshika mkono. "Alijua," akasema. "Aliniambia zamani. Alisema, huyo kijana ameniita kwa heshima, nami nimeitika."

Sasa sikia jambo la mwezi huu, Mama, halafu tukuache upumzike.

Jumamosi iliyopita Wangila alikuja kutusaidia kupanga hii siku yako. Alifika langoni akasimama. Hakuna wa kumkwepa tena, angeweza kuingia moja kwa moja, lakini miguu yake haijafundishwa. Akafanya ehem, akaanza kuhesabu. Sisi tulikuwa jikoni tunamwona, na hakuna aliyecheka. Mahindi yalikuwa kimya. Alifika kumi na tano, kumi na sita, na uso wake ukaanza kuharibika.

Ndipo sauti kali ikatoka katikati ya mahindi.

"Wewe hapo langoni! Unakohoa tangu lini?"

Alikuwa Joan, aliyekuwa akikata majani ya ng'ombe, miaka kumi na mitatu, mrefu kama baba yake. Wangila akashika nguzo ya lango. Alicheka hadi akainama, na alipoinuka machozi yalikuwa yamefika kidevuni. Kisha akatazama chini, akajibu jinsi mtu anavyomjibu mama mkwe.

"Tangu leo, Mama."

"Basi ingia," Joan akasema. "Ikifika wiki mbili, mimi na wewe tunaenda."

Unakumbukwa na mume wako Mzee Jotham Khisa, ambaye siku hizi huchambua maharagwe mwenyewe na kuyamaliza. Binti yako Nasimiyu na mkwe wako Wangila, wa Kibomet, na sisi wanao wengine. Wajukuu wako Joan na Kim. Dada yako wa Webuye, aliyekusamehe kuku wote watatu. Na rafiki zako Wangu na Hiram, ambaye alisharudi kutoka store. Phanice anakusalimu. Kiplimo anakusalimu kutoka Suam.

Mulembe, Mama, amani iwe nawe. Kila mahindi yakifika kimo cha kumficha mtu, tutasimama kidogo tusikilize. Daima.